Pumzi ya Mkopo

Siku ya Jumatano, tarehe tisa Oktoba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu mepesi yakianguka bila ya kumlowesha mtu, muuguzi mkuu wa wodi ya figo alifungua koki ya saba kwa mara ya kwanza ili asuuze ndoo. Yalitoka maji safi, kiasi cha nusu ndoo. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume, yenye uchovu kidogo, ikasema: "Achana na gesi ya nyuma. Nani ataingia humo kuangalia?" Baada ya hapo maji yakaendelea kutoka.

Muuguzi mkuu alifunga koki, akakausha mikono, akayaandika maneno hayo katika daftari la wodi, safu ya "Mengineyo", kwa kuwa safu za rangi, harufu na ladha hazikuyahusu. Alikuwa mwanamke wa utaratibu. Koki ya nane alipoifungua ilisema, "Nimulikie hapa mzee, si usoni kwangu." Ya tisa ilipiga mwayo mrefu, na wagonjwa wanne waliokuwa wamelala kando ya mashine za kusafishia damu wakapiga miayo nao, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata mpangilio wa vitanda. Koki sita za kwanza zilitoa maji peke yake.

"Hizo za mwanzo zina adabu," alisema mgonjwa wa kitanda cha pili. "Hizi nyingine sijui zimelelewa na nani."

Muuguzi mkuu aliinama akatazama mabomba. Kando ya kila kiungo palikuwa na namba iliyogongwa ndani ya chuma kwa muhuri: kumi na nne. Alipiga simu karakana, akaomba atumiwe Kumi na Nne, aje na vifaa vyake.

Kumi na Nne alikuwa fundi wa kuchomelea, na hilo ndilo lililokuwa jina lake. Alizaliwa na jina jingine, akalitumia shuleni na katika ndoa. Lakini siku alipokabidhiwa muhuri wake jina lile lilianza kuchakaa, na mumewe alipofariki hakubaki mtu wa kulitumia. Hata mama mkwe, aliyekuwa akiishi naye, alimwombea dua kwa namba hiyo, na dua zilifika.

Alikuwa na mazoea ya kutazama nyuma ya vitu. Sahani aliigeuza kabla ya kupakua. Kabati jipya alilizunguka kabla ya kulifungua mlango. Wenzake karakana walimtania kwamba siku ya kiyama wao wataingia peponi wakimwacha yeye nje, amezunguka upande wa pili kukagua ilivyoungwa.

Alikuwa na sababu. Bomba la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, huchomelewa kwa nje, lakini moto hupenya hadi ndani. Huko nje gesi ya agoni hutoka pamoja na moto, ikakifunika chuma kilichoyeyuka ili hewa isikiguse. Ndani hakuna wa kukifunika, isipokuwa fundi aamue. Hewa ikikikuta chuma kikiwa chekundu na hakina kinga, hukila. Mgongo wa kiungo huota weusi wa chembechembe, mfano wa sukari iliyosahauliwa jikoni, na katika mianya ya chembe hizo uchafu hujificha usiondolewe na sabuni wala maombi. Kwa hiyo fundi mwenye haya huziba ncha mbili za bomba, akaingiza agoni kwa chini, ndiyo gesi ya nyuma, akaacha tundu dogo juu. Agoni ni nzito kuliko hewa. Hujaa polepole, kama maji mtungini, ikiisukuma hewa mbele yake pamoja na vyote vilivyomo hewani: unyevu, vumbi na maneno.

Kumi na Nne alikuwa akisogeza kijiti cha kiberiti kinachowaka kwenye tundu la juu. Kikizimika, hewa imekwisha. Kwa bomba la upana ule ilichukua dakika kumi na moja, naye alizisubiri akiwa ameketi juu ya ndoo, mikono magotini. Katika dakika hizo mwanga wa karakana uligeuka rangi ya maziwa, na nyundo za wenzake zilisikika kana kwamba zinagongwa chini ya ziwa. Mara nyingine marehemu mumewe alipita upande wa pili wa meza, akachukua msasa, akaondoka. Hawakusemeshana. Palikuwa ni kazini.

"Mbele ni ya mkaguzi," mwalimu wake wa ufundi alikuwa akimwambia. "Nyuma ni ya mwenye kunywa."

Kazi ya wodi ya figo, mabomba ya maji ya koki na ya mashine, ilikuwa na viungo arobaini na kimoja. Ishirini na sita alivichomelea kwa mkono wake. Siku iliyofuata mama mkwe aliamka na homa, naye akabaki nyumbani kumuuguza, muhuri wake ukiwa kwenye droo ya karakana kama kanuni ilivyotaka. Aliporudi, viungo kumi na tano vilivyobaki vilikuwa vimekwisha.

"Nimekusaidia, shemeji," Msimamizi alimwambia.

Msimamizi wa karakana alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Alikuwa mtu wa tai na pipi za mnanaa, mkarimu mbele za watu.

"Umetia gesi ya nyuma?"

"Shemeji, mimi nimeanza kuchomelea wewe ukiwa bado unavaa sare ya shule."

Hilo halikuwa jibu. Lakini ncha za bomba zilikuwa zimeshafungwa ukutani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Kumi na Nne alilazimika kuridhika na mbele.

Sasa, wodini, alilegeza nati chini ya koki ya tisa, akaingiza kioo kidogo chenye mpini na taa, akatazama. Nyuma ya kiungo kulikuwa kumeungua. Chembe nyeusi zilisimama katika mstari, na kati yake palikuwa na hewa ya siku ile ya homa, imekwama, ikinung'unika. Alisogeza sikio. Ilikuwa inasema, "Uko wapi muhuri wa shemeji? Piga hapa. Piga na hapa."

"Ni wewe?" aliuliza muuguzi mkuu.

"Namba ni yangu. Kazi si yangu."

"Mimi nina karatasi hapa. Inataka saini ya Kumi na Nne kwamba viungo vyote vimelindwa nyuma. Bila saini, mwisho wa mwezi wodi inafungwa. Nitaipata lini?"

"Vikikatwa vikachomelewa upya. Siku tatu."

"Mama, nina wagonjwa ishirini na wawili kwenye foleni, na mgeni rasmi ameshakata utepe." Muuguzi mkuu alisema hayo bila ubaya. Alikuwa akisoma yaliyoandikwa.

Kumi na Nne alirudi karakana akipiga hesabu. Dakika kumi na moja mara kumi na tano ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Msimamizi alikuwa ameziokoa saa hizo siku ile kwa kuacha gesi, na mlinzi wa karakana, mzee aliyemshikia tochi, alijua zilikotumika.

"Alilala," mlinzi alisema. "Pale juu ya magunia. Mimi nilishika tochi tu, na tochi haina macho. Lakini sauti yake nasikia inatoka vizuri kule hospitali. Wanasema kama ya redioni."

Ili mambo yaliyofuata yaeleweke, lazima isemwe habari ya tangi.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Kumi na Nne aliingia ndani ya tangi la maziwa kumalizia kiungo cha sakafuni. Agoni ilikuwa imejaa humo hadi magotini, kisha hadi kifuani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na haibishi hodi. Alipoinama kuokota brashi, aliinama moja kwa moja. Msimamizi, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, aliona viatu havisogei. Akatupa kikombe, akamkamata mkanda, akamvuta nje, akampulizia kinywani pumzi moja. Ilitosha.

Pumzi hiyo haikuchanganyika na zake. Ilikaa chini ya ubavu wa kushoto kama mgeni aliyepewa kiti akakataa kuvua viatu. Ilinukia mnanaa. Kumi na Nne alipocheka sana, mwisho wa kicheko chake palitokea kicheko kifupi cha shemejiye, na watoto wa majirani waliomba acheke tena. Na kila asubuhi, mbele ya mafundi wote, Msimamizi aliuliza:

"Shemeji, pumzi yangu haijambo?"

"Haijambo."

"Inakula? Inalala?"

"Inalala kuliko mimi."

Watu walicheka, naye alicheka, na deni likabaki pale pale, limepanguswa vumbi.

Jumatano ile hakuuliza. Alikuwa na nakala ya karatasi ya hospitali mezani na kalamu juu yake, imeshafunguliwa kifuniko.

"Nyuma kumeungua, shemeji," Kumi na Nne alisema. "Nimeona kwa kioo."

"Kioo! Hata mimi ukinitazama kwa kioo utaniona nina kasoro."

"Tukate kumi na tano. Nitavifanya mwenyewe."

"Na wagonjwa tuwapeleke wapi, sebuleni kwako? Sikiliza. Mimi sijawahi kukuomba kitu. Tangu siku ile ya tangi, nimekuomba nini? Hata chai sijakuomba, na chai yangu ilimwagika." Alisukuma karatasi kwa kidole kimoja. "Saini moja kwa pumzi moja. Tumalizane."

Kumi na Nne hakuichukua kalamu, lakini pia hakusema hapana. Wako watu wanaoamini kwamba mdai akipotoka, deni hufutika. Yeye hakulelewa hivyo. Deni ni deni hata likidaiwa na mwizi, na aliyeokolewa kweli hawezi kusema hakuokolewa. Kwa upande mwingine, namba yake ilikuwa ndiyo yeye. Akitia saini, angekuwa amesema kwa jina lake pekee kwamba nyuma ni safi, na mwenye kunywa angeamini. Aliomba apewe hadi Jumatatu. Alipewa.

Ijumaa mama mkwe alikwenda kwenye mashine, kama alivyokwenda mara mbili kila wiki, akarudi alasiri akiwa anatetemeka. Kumi na Nne alimlaza, akamfunika mashuka mawili, akamletea uji. Jua la alasiri liliingia dirishani likatulia juu ya miguu ya bibi kama paka.

"Leo wameniweka karibu na koki ya nane," mama mkwe alisema. "Nimemsikia mwanangu."

"Amesemaje, mama?"

"Ati amulikiwe. Nikamwambia, hata shikamoo huna? Akaendelea tu na mambo yake. Maji siku hizi hayana heshima."

"Unatetemeka."

"Karibu sote tumetetemeka. Wanane kati ya kumi. Muuguzi ameandika."

"Basi usirudi kule."

"Nisirudi, niende wapi, mwanangu? Mashine nyingine iko wapi?"

Mashine nyingine haikuwapo. Kisha Kumi na Nne akamweleza habari ya saini, bila ya kupunguza wala kuongeza, kwa sababu aliyekuwa akielezwa ni mama wa mdai mwenyewe.

Mama mkwe alimaliza uji kwanza.

"Yule ni mzaliwa wangu wa kwanza," alisema. "Nikimwambia afagie, anafagia katikati ya chumba, taka anazisukuma chini ya kitanda. Nikamchapa. Siku hiyo akafagia vizuri. Kesho yake, chini ya kitanda. Nikachoka mimi, hakuchoka yeye." Alivuta shuka hadi kidevuni. "Mumeo ndiye aliyekuwa akizitoa. Wewe ulikopa nini kwa kaka yake?"

"Pumzi."

"Basi mrudishie pumzi. Aliyekopa chumvi harudishi nyumba."

"Nikiitoa, mama, nitabaki na nini?"

"Na zako. Si ulikuwa nazo kabla ya yake?" Alifumba macho. "Ila usimrudishie iliyochakaa. Atasema."

Jumatatu asubuhi Kumi na Nne alianzia hospitali. Alikuwa amechukua tupa ndogo ya meno laini. Alimwomba muuguzi mkuu ruhusa ya kufuta namba yake kwenye viungo kumi na tano, na muuguzi mkuu, baada ya kupekua kanuni zote asione inayokataza, aliruhusu. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Kila tupa ilipogusa namba, bomba lilisema "Piga hapa" kwa sauti ya chini, na wagonjwa, ambao kwa sasa walikuwa wameyazoea maneno hayo kama wimbo wa kubembelezea mtoto, waliyarudia midomoni huku usingizi ukiwachukua. Saa nne na robo koki ya tisa ilipiga mwayo wake wa kila siku, na wodi nzima ikapiga. Chini ya namba zilizofutwa chuma kiling'aa kikiwa uchi.

"Sasa, viungo hivi ni vya nani?" aliuliza muuguzi mkuu.

"Vya aliyevichomelea."

"Huyo hana namba."

"Najua."

Kwenye kona ya wodi palikuwa na marundo ya blanketi mpya, bado ziko ndani ya nailoni. Muuguzi mkuu alieleza kwamba ripoti ya kutetemeka ilifika juu, na juu wameshughulikia kwa haraka ya kusifika. Kila mgonjwa atapewa mbili.

Karakana, Kumi na Nne alimkuta mlinzi ameketi langoni na muhuri mpya mapajani. Alikuwa akiutazama kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni amshike.

"Nimekuwa Kumi na Tano," mlinzi alisema. "Nimeambiwa mimi ni fundi tangu saa mbili. Mikono bado haijaambiwa."

"Umetia saini?"

"Nimetia, kwenye karatasi mpya yenye namba yangu. Imeshapelekwa, itawekwa kwenye fremu." Alisogeza miguu ili apite. "Usinitazame hivyo, mwanangu. Unitazame mbele tu."

Kwa hiyo saini ya Kumi na Nne haikuhitajika tena na mtu yeyote. Angeweza kugeuka akaenda kwenye meza yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya saini.

Msimamizi alikuwa ofisini akipanga kazi ya wiki. Kumi na Nne alibisha hodi, akakaribishwa, akafunga mlango nyuma yake. Kutoka mfukoni alitoa glavu ya mpira, nyeupe, ambayo haijavaliwa. Alisimama wima, akatoa pumzi zake kwanza, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, mpaka akabaki mtupu kama bomba lililozibwa ncha zote. Masikio yakaanza kuvuma. Ndipo ile ya chini ya ubavu ikainuka yenyewe, ikaacha kiti, ikapita kooni ikiwa baridi na yenye harufu ya mnanaa. Aliipokea kwenye glavu akaifunga fundo. Vidole vitano vilisimama vimejaa. Aliiweka juu ya meza, katikati ya karatasi.

Alisubiri, akavuta hewa ya kwake. Iliingia. Palibaki nafasi ndogo upande wa kushoto, ambayo tangu siku hiyo haikujazwa na kitu, na kila baada ya dakika kumi na moja ingemfanya asimame kidogo, kwa hesabu ya moja, kisha aendelee.

"Hiyo hapo, shemeji," alisema. "Kagua."

Msimamizi aliichukua glavu, akaipima mkononi, akaigeuza. Hakushangaa. Alikuwa mdai, na mdai husubiri. Alilegeza fundo kidogo akaisogeza sikioni, na kwa kuwa hewa iliyofungiwa haisahau siku yake, sauti ikatoka. Ilikuwa sauti yake, lakini changa kwa miaka mitatu, inatetemeka, imekatwakatwa na kwikwi: "Usife. Usife, shemeji, nakuomba. Nitamwambia nini mama?"

Aliisikiliza mpaka mwisho. Vidole vya glavu vililala kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa kidogo. Nje, fundi mmoja alikuwa amefungua mtungi, na mvumo wa gesi uliingia chini ya mlango ukatulia sakafuni. Msimamizi alikunja glavu mara mbili, akaiweka kwenye droo mahali ulipokuwa muhuri wa kumi na nne. Muhuri wenyewe alimkabidhi Kumi na Nne, mkononi. Kisha akaivuta karatasi ya kazi ya wiki, ya kiwanda cha dawa, viungo sitini, na kwa kalamu ileile akaifuta kwa mstari safu ya muda wa gesi ya nyuma, kuanzia juu hadi chini.

"Imetimia?" Kumi na Nne aliuliza.

"Imetimia."

"Basi hatudaiani."

"Hatudaiani, shemeji," alisema Msimamizi, akaweka pipi ya mnanaa mdomoni.